Sista Agneta na Watoto wa Mafuta ya Taa

Tarehe 31 Agosti 1978, baada ya miaka kumi na minane katika wodi ya watoto hapa Kisumu, Sista Agneta Nekoye, muuguzi na mwalimu wetu, anastaafu. Wanafunzi wa uuguzi wanaruhusiwa kushusha pumzi, ila kimyakimya, bado yumo ofisini.

Alikuja mwaka 1960 akiwa amefundishwa, kama sisi sote, kwamba mtoto aliyekunywa sumu hutapishwa. Ndivyo alivyofanya 1963 kwa mtoto aliyekunywa mafuta ya taa yaliyonunuliwa dukani kwa chupa ya soda. Alipotapika, mafuta yakaingia mapafuni, na mtoto akafariki. Sista aliwauliza madaktari mpaka akaelewa, kisha akaanza kutufundisha upya: aliyekunywa mafuta ya taa hatapishwi.

Mtihani wake ulikuwa chupa sita za soda mezani, tano za maji na moja ya mafuta. Mimi Waliaula nilijitokeza kifua mbele, nina mafua, nikanusa ile ya mafuta na kutangaza kuwa ni maji. Wiki nzima aliniita Bwana Pua.

Siku moja mwaka 1974 alikuwa Usenge akiwafundisha wauguzi wa zahanati. Siku hiyo Beldina, mchuuzi wa mboga wa Nyalenda, alimleta mwanawe aliyekunywa mafuta. Zamuni alikuwa Metrine Nabalayo, muuguzi mpya aliyefundishwa na Sista. Baba mdogo wa mtoto alikuja na jagi la maziwa, akamwambia Metrine, sista, fanya huyu mtoto atapike, unangoja nini? Metrine alikataa. Aliliweka jagi juu ya kabati, akampa mtoto oksijeni na kuhesabu pumzi zake mpaka daktari alipofika.

Sista alipigiwa simu, akarudi kwa basi la kwanza asubuhi. Alimkuta mtoto ameketi kitandani, anakula uji na kuumwaga kwenye shuka. Akavuta kiti, akalia mbele yetu sote bila kujificha. Alituambia kwamba tangu 1963 aliogopa siku ambayo mtoto wa namna hiyo angeletwa naye hayupo.

Asante, Sista, kwa kutusumbua miaka yote hiyo. Nenda ukapumzike Migosi na wajukuu, Mungu akupe afya na siku nyingi. Darasa sasa ni la Metrine. Mtoto mwingine akiletwa, wewe endelea kunywa chai yako.