Mzigo Mmoja wa Miwa

Bwana asifiwe! Msiitikie upesi, kwanza msikie bei. Uhai wangu umegharimu mzigo mmoja wa miwa uliokaukia juani. Nimehesabu mara mbili. Na mzigo wenyewe haukuwa wangu.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Baba Achieng, namenya na kuuza miwa hapa Migosi. Tangu tumzike mke wangu, nilikuwa nalala bila usingizi na kuamka bila sababu. Nikaanza kutaka kufa. Nilisema hapa hapa, kwenye kikundi cha wanaume. Mkaniambiaje? "Mwanamume hasemi hivyo, bwana. Funga na uombe." Nikafunga. Mawazo yakabaki yale yale, ila sasa yalikuwa na njaa!

Jumanne moja Mama Nekesa, anayeniuzia miwa, akaniletea mzigo kutoka Muhoroni. Sisi wawili hupatana bei kwa kelele mpaka wapita njia hudhani tumeoana. Siku hiyo akataja bei yake ya wizi, nami nikatoa pesa nikampa.

Akanirudishia. "Baba Achieng, umekubali bei ya kwanza?"

"Chukua tu, mama."

"Sichukui. Wewe hata shilingi kumi huniachii. Leo umekuwa nani?" Akanitazama usoni. "Unafikiria kujiua?"

Ndugu zangu, hakuna aliyewahi kuniuliza! Neno hilo mnaliogopa, eti likitajwa litaleta balaa. Mimi lilinifungua. Nikalia pale kando ya barabara, nikamwambia ndiyo.

Hakunihubiria. Aliacha miwa juani, akanipeleka kliniki ya afya ya akili, akakaa nami kwenye benchi mpaka nikaitwa. Nesi aliniuliza kila kitu bila kushtuka. Nikapewa dawa na siku ya kurudi kuzungumza. Ninarudi mpaka leo, na usingizi nao umerudi. Mungu ameniokoa, sikatai. Lakini alipitia kwa Mama Nekesa, ambaye hata si wa kanisa hili!

Ndiyo maana nina hasira. Ningekufa, hema lingesimama kwangu kabla ya jioni. Viti, sufuria, spika, ng'ombe! Mngelia kwa zamu. Lakini kumsindikiza mtu kliniki akiwa hai, kila mtu ana kazi.

Mama Nekesa nimeshamlipa mzigo wake, baada ya kupatana vikali. Sasa nawadai nyinyi. Matanga ya watu wenu yote nimechangia. Yangu nilipeni nikiwa hai. Kile chumba cha kuwekea hema na viti vya matanga, kifungueni kila Alhamisi, mtu aingie aseme yaliyomlemea, na apate wa kwenda naye kliniki.

Na wewe uliyekaa hapo na mawazo hayo, usiondoke peke yako. Nitakuwa mlangoni. Nitakuuliza wazi, na leo hii nitakwenda nawe. Mwamini Mungu, lakini sema!

Wazee wangu, nijibuni jambo moja tu: ufunguo wa chumba hicho anao nani?