Lenzi ya Nohelia

Kwenye kona ya uwanja wa mji mdogo wa Jardín, mkabala na kanisa, pana benchi la mbao lisilo na mwenyewe ila lina wenyeji. Doña Marleny huegesha kigari chake cha kahawa hapo kila asubuhi, na kabla hajafungua themosi ya kwanza Skrubu huwa ameshakaa. Skrubu alikuwa fundi saa mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka. Jina lake la ubatizo hata padri amelisahau. Anayefuata ni Redio, dereva mstaafu wa jeep ya abiria, ambaye habari za mji humfikia kabla hazijatokea. Wa tatu ni Libardo, mwalimu wa fizikia wa zamani. Tangu mkewe Nohelia afariki, Libardo huketi mwisho wa benchi na kuacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na wenzake. Asubuhi hiyo, kwenye nafasi hiyo, aliweka kamera ya marehemu.

— Evelio wa studio ya picha anataka kunipa lenzi mpya, alisema Libardo. Ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, kama hii, ila hiyo inajilenga yenyewe.

— Na wewe unampa nini? aliuliza Skrubu.

— Hii ya Nohelia. Anasema atanitunzia.

— Atakutunzia, alirudia Redio. Mwizi gani hatunzi?

— Hakutaka niongeze chochote.

— Hapo ndipo mwili unaponisisimka, Mwalimu. Mtu akikuuzia kwa bei ya kuua, unajua anataka nini. Huyu wa bure ana lake jambo.

Libardo aliwaeleza mambo yalivyo. Okidi, mmea wa maua unaoota juu ya miti, ambayo Nohelia aliiokota kwenye tawi lililoanguka njiani, akailea miaka na miaka kwenye gome ukutani, ilikuwa imechanua juzi kwa mara ya kwanza. Ua lenyewe halizidi punje ya mchele, na halidumu. Alitaka picha yake iwekwe kwenye kibao cha kaburi, kwa sababu mwenye kulisubiri hakuliona.

— Jana nimepiga mchana kutwa. Zote ukungu mtupu. Kwa ukaribu ule, panapoonekana vizuri ni pembamba kama karatasi. Ukipumua umeshapapita. Evelio anakuja leo kabla ya chakula cha mchana, anataka jibu.

— Jibu ni hapana, alisema Skrubu. Lenzi ya mkono inakutii. Ukiigeuza imegeuka, ukiiacha imetulia. Hiyo yenye mota inamtii nani?

— Binamu yangu wa Medellín anayo, alidakia Redio. Anaielekeza kwa nyuki, yenyewe inakwenda kuutazama ukuta wa nyuma. Inasogea mbele, inarudi, inanguruma, kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo.

— Inatafuta penye mistari mikali, alisema Libardo. Ndivyo ilivyoundwa.

— Iliundwa na nani? Na huyo anataka nini na kuta za watu?

— Ukuta wako, Redio, una nini zaidi ya nyufa? aliuliza doña Marleny akimimina kahawa.

Skrubu aliinyanyua kamera aichungulie lenzi. Libardo aliweka kiganja chake chini ya mikono ile inayotetemeka.

— Vioo vya siku hizo vilipikwa kwa madini ya thamani, alisema Skrubu. Evelio ataivunja, atayachenjua, na hutamwona tena mji huu.

— Madini wapi. Anataka ua, alisema Redio. Lenzi mpya ina kumbukumbu ndani. Mwalimu anapiga picha, ua linabaki humo. Kesho Evelio anaomba lenzi aisafishe, analitoa, analipeleka kwenye maonyesho ya okidi, na linapewa jina lake.

— Ndiyo maana alikuja mazishini na ua jeupe, alisema Skrubu. Alikuwa anapeleleza.

— Kila mtu alikuja na ua jeupe, alisema Marleny. Hata wewe.

— Mimi langu lilikuwa la nia njema.

Libardo alijua kuwa haya ni maneno ya kahawa. Amefundisha mwanga na vioo maisha yake yote. Hata hivyo alijikuta ameifunika lenzi kwa kiganja, kama mtu anayelinda sahani yake asinyang'anywe.

— Kuna neno alilosema ambalo sikulielewa, alisema. "Chukua hii, Mwalimu. Itakuachia mkono mmoja."

— Mkono wa nini?

— Hakusema. Alitazama chini, akaondoka.

— Alitazama chini, alisema Skrubu, polepole, kama hakimu.

— Mkono wa kutia saini, alisema Redio. Mmoja umeshika kamera, mwingine unawekewa karatasi chini yake. Nyumba imekwenda hivyo.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri jeep ya kupanda milimani alinunua kahawa, akatazama benchi.

— Hapa pana mtu?

 Libardo aliichukua kamera, akaipakata.

— Kaa, mama.

Mgeni alikaa, akanywa kahawa yake akiwasikiliza. Redio alikuwa amefika kwenye mihuri na mawakili alipokatizwa.

— Samahani, wazee wangu. Hilo ua limekaa tu, au lina kikonyo?

— Lina kikonyo chembamba kama unywele, alijibu Libardo. Upepo mdogo tu, linacheza.

— Sasa marehemu alikuwa anafanyaje?

— Yeye mkono wa kulia kwenye kamera, wa kushoto kwenye pete ya kulengea, anaegemea mbele na nyuma mpaka lionekane. Mimi napiga magoti, nimeshika kikonyo kwa vidole viwili, nimebana pumzi, mpaka aseme tayari.

Mgeni aliitikia kwa kichwa.

— Na jana kikonyo kilishikwa na nani?

 Skrubu aliitazama mikono yake, akaibana katikati ya magoti. Libardo aliviangalia vidole vyake viwili, ambavyo vilikuwa vimekutana vyenyewe juu ya lenzi, vimeshika hewa.

— Mkono mmoja, alisema. Wa kushika kikonyo.

Ng'ambo ya uwanja Evelio alikuwa amefunga mlango wa studio. Alikuja taratibu, macho chini, kiboksi cha lenzi kifuani.

Doña Marleny alimimina kikombe kingine ambacho hakuna aliyekuwa amekiagiza, na Redio akasogea kumwachia Evelio nafasi.