Siku Sita za Kakao

Ndani ya taxi-bus ya kwenda Komanda, mama mmoja mbele yangu alitoa karatasi tupu ya shokola, akamwonyesha muzee wa pembeni yake. "Papa, imeandikwa kakao ya Ituri. Muuzaji wa Bunia anasema kiwanda kiliacha kuitengeneza. Juu ya nini? Tamu namna hii!"

Muzee, Anaclet, mukulima wa kakao, aliinusa karatasi muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. "Mama, zamani tulikuwa tunafunika mbegu na majani ya ndizi siku sita, zichachuke. Harufu hii inatoka pale. Sasa ukizifunika, siku ya pili wezi wanazibeba. Siye tunauza mbichi tu, na mbichi haina harufu hii."

"Kumbe! Na weye ulishakula hii shokola?"

"Mimi? Hata siku moja."

Mimi niliyekuwa najifanya kulala nikafumbua macho yote mawili.

"Na mukifunika tena siku sita," mama akauliza polepole, "hii shokola itarudi?"

Gari likasimama Komanda. Anaclet akashuka na karatasi mkononi. Mama hakuidai.