Mzigo wa Landikruza ya Owuor

Jumamosi moja ya Agosti, benchi la nje ya stesheni ya Rissne, huku Uswidi, lilikuwa na wanaume watatu na chupa moja ya kahawa. Mbele yao ilisimama Landikruza ya Owuor, imejaa hadi juu ya paa. Kesho yake alfajiri angeipeleka kaskazini kabisa, lami inakoishia, hadi kwenye ziwa ambalo mkewe, Roselyn, alilizungushia kalamu kwenye ramani kabla hajafariki. Hakuwa amesema zaidi ya hapo, na wenzake hawakumdadisi. Walimpakilia tu.

— Springi zimelala, alisema Owuor. Tupunguze.

— Hazijalala, zinakusalimia, alisema Wanjohi, aliyeitwa Spana kwa kuwa aliunda malori kiwandani Södertälje. Ongeza dumu la maji. Haba na haba hujaza kibaba.

— Maji ya nini? Kule kote ni maziwa.

— Basi abebe majani ya chai, alisema Firmin.

Huyu walimwita Kilomita; zamani aliendesha lori kati ya Bukavu na Shabunda.

— Sikiliza, Owuor, alisema Spana. Ukikuta tope, punguza upepo.

— Upepo unapunguzwa na Mungu, ndugu yangu.

— Wa tairi, Kilomita.

— Ah. Miye, njia ya Shabunda, nilikwama siku tisa. Nilikuwa nimebeba sabuni. Sabuni hailiki, nilijaribu. Ndiyo maana nimemwekea kilo ishirini za unga wa muhogo.

— Dubu watamfuata kwa huo unga.

— Dubu wa huku ni Mswidi. Hakugusi bila miadi.

— Akija, mkaribishe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Mgeni ni mimi, Spana, alisema Owuor.

— Basi jembe ubebe wewe.

Owuor alicheka, jambo ambalo halikumtokea mara nyingi siku hizi. Tangu Februari, baada ya mazishi, wawili hawa walimletea vyakula mlangoni. Sasa walileta jeki, kamba, koleo, tairi mbili za akiba. Aliwaelewa. Alichoogopa hakikuwa tope.

Mélissa, mpwa wa Firmin aliyehamia kutoka Goma mwezi uliopita, alitoka stesheni akasimama, akawaamkia wazee wote watatu.

— Jambo, ba papa.

Akalizunguka gari, akichungulia kila dirisha.

— Papa Owuor anakwenda na nani?

Spana akainamisha chupa kwenye kikombe, halikutoka tone. Owuor akatazama viatu vyake.

— Viti vimejaa, alisema Firmin hatimaye.

— Nani alivijaza?

Firmin akainuka, akafungua mlango wa mbele, akaanza kuvuta gunia la unga.

— Nina likizo wiki mbili, alisema bila kumtazama Owuor. Lakini nakoroma, ujue.

Owuor akaenda kushika upande wa pili wa gunia.