Fundi wa Majina ya Mgongoni: Godefroid Asukulu, 1971–2026

Godefroid Asukulu, tunayemzika leo Jumamosi, tarehe 28 Februari 2026, hapa Garland, alizaliwa Kalundu, mjini Uvira, Kivu ya Kusini, tarehe 14 Machi 1971. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu mzee Asukulu na marehemu mama Ndeshi. Anayesoma wasifu huu ni mdogo wake, Marguerite. Anaomba radhi mapema ikiwa sauti itamkatikia njiani.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kalundu, akaingia sekondari, lakini baba yao alipofariki mwaka 1987 aliacha masomo na kwenda kujifunza ushonaji sokoni Uvira. Suruali zake za kwanza zilimbana kila aliyezivaa. Watu walitembea nazo mjini kama waliokanyaga miiba, naye akawaambia kwa uso mkavu kwamba huo ndio mtindo wa Kinshasa. Baadaye mkono wake ulikubali kazi, na wale wale waliomcheka walimpangia foleni kila Krismasi.

Vita vya mwaka 1996 vilimkuta na umri wa miaka ishirini na mitano. Alivuka kwenda Kigoma na kichwa cha cherehani mgongoni, amekifunga kwa kitenge kama mtoto. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu cherehani hicho kilimpa kazi, na kikampa mke pia. Fortunée alileta sketi moja kurekebishwa. Kesho yake akarudi nayo, na keshokutwa tena, mpaka jirani akauliza sketi hiyo ina ugonjwa gani usiopona. Walifunga ndoa tarehe 17 Julai 1999, na Mungu akawajalia watoto wawili, Tania na Nathanaël.

Familia ilipokelewa Texas mwaka 2010, kwanza Houston, kisha Garland mwaka uliofuata. Godefroid alipata kazi ya usafi katika uwanja wa barafu wa Mesquite, nyumbani kwa timu ya hoki ya Copperheads. Mara ya kwanza kuona watu wazima wakigombana juu ya barafu kwa fimbo, alirudi nyumbani akasema wazungu hawa wamekosa vita. Siku moja jezi ilichanika dakika chache kabla ya mechi, akaomba sindano. Tangu siku hiyo hakushika ufagio tena. Akawa mfuaji na mshonaji wa timu mpaka ugonjwa ulipomtoa kazini.

Ligi ile ni ya daraja la pili, na maisha yake ni ya kupanda na kushuka. Mchezaji akifanya vizuri anaitwa kwenda ligi kuu, akiteleza anarudishwa, au anaachwa kabisa. Kila anayeondoka, jina lake linafumuliwa mgongoni mwa jezi na la mwingine linashonwa palepale. Mfumuaji alikuwa Godefroid. Alisema kazi hiyo inamuuma kuliko kushona, kwa sababu alifumua majina ya vijana ambao asubuhi walikuwa wamemsalimia.

Nathanaël alikulia katika uwanja huo. Baba akifua, mtoto anateleza, na kwa kuwa baba ni mtu wa pale, hakuna aliyemfukuza. Mwaka 2024 alisajiliwa na timu ya Houston ya ligi hiyo hiyo. Ikawa kwamba Houston walipokuja Mesquite, jezi ya kijana ilikuwa bado haina jina, wakampelekea fundi wa wapinzani amsaidie. Godefroid akashona ASUKULU, jina la baba yake, kwa uzi uliokunjwa mara mbili. Kocha wa Mesquite akamtania kwamba anamhudumia adui. Akajibu, "Huyu adui nimemuzaa mimi. Na hii jina, mutu ataifumua mpaka sindano ivunjike." Usiku huo hakuona mechi, alikuwa na nguo za kufua. Wala hakuwahi kumwona mwanawe akicheza mechi nzima. Alikuwa akisema atatazama vizuri siku kijana atakapofika juu.

Desemba mwaka jana madaktari walimkuta na saratani ya kongosho, imekwisha kusambaa. Alikusudia kumwambia Nathanaël baada ya Mwaka Mpya. Lakini tarehe 9 Januari kijana aliitwa ligi kuu, kaskazini ya mbali, na nyumba nzima ikapiga vigelegele. Godefroid alipiga makofi akiwa amelala. Kisha akawaita mkewe na Tania.

"Musimuambie. Mi najua ile kazi. Mutu akitoka siku mbili tu, jina yake inafumuliwa."

Kwetu ni desturi kumficha aliye mbali habari mbaya, asije akaumia njiani peke yake. Kwa hiyo hakuna aliyebisha. Kila Nathanaël alipopiga simu, Fortunée aliwasha mashine ya kufulia nyumbani, tupu, bila nguo, ili kijana asikie mngurumo na kuamini kwamba baba yuko kazini. Godefroid alivaa kofia na koti zito kuficha alivyokonda, akasogeza simu ya video mbali na uso.

"Unacheza, papa?" Godefroid alikuwa akimuuliza mwanawe, akimwita papa kama wazazi wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume.

"Nacheza, Papa. Niko bien. Coach ananipenda."

Baada ya simu alimwomba Tania atafute matokeo. Tania aliangalia, akageuza simu kifudifudi, kisha akasema, "Amecheza muzuri, Papa." Naye alilala akitabasamu, na hilo tutamshukuru Tania, hata kama yeye mwenyewe hajishukuru.

Alizidiwa katikati ya Februari. Hospitalini Fortunée alimsihi amruhusu amwite mtoto. Godefroid alitaka kumwona, alisema hivyo waziwazi, akalia. Kisha akasema, "Mwache. Akitoka pale hawatamurudisha." Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 19 Februari 2026, uso wake umeelekea mlangoni.

Nathanaël aliambiwa tu kwamba anahitajika nyumbani. Tulidhani atakuja kwa ndege. Alikuja kwa gari, kutoka Houston. Kama ilivyo desturi, alikalishwa na kupewa maji kwanza, ndipo mkubwa wa ukoo amweleze. Hakungoja. Alimshika mama yake mkono.

"Maman, mbele ya Papa kutoka chumbani, niseme. Sikucheza. Not even one game. Walinikalisha juu jukwaani na suti, kama mutazamaji. Jumanne wamenirudisha Houston. Niliona haya kumuambia. Ningekuja kila siku, Maman, sikuwa na kazi kule."

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio kitamfichua. Hawakusema kitu kuhusu nyumba ambamo kila mtu alificha kwa upendo. Wiki zile zote, yule aliyetakiwa kando ya kitanda alikuwa ameketi bure jukwaani, na yeye huyo huyo, aliyetamani kuja nyumbani, alizuiwa na mngurumo wa mashine tupu. Familia haina la kujifariji nalo katika hili, na haitaki kuambiwa kwamba yote ni mema.

Marehemu ameacha mjane, Fortunée; watoto, Tania na Nathanaël; mkwe, Kipngeno; mjukuu, Precious; na mdogo wake, Marguerite. Nathanaël ameleta jezi aliyopewa ligi kuu, nayo imewekwa juu ya kifua cha baba yake. Ni safi, haina jasho. Mikono ile iliyofua jezi zaidi ya miaka kumi ingeishika mara moja tu na kujua kila kitu. Lala, Godefroid. Mungu akupe pumziko ambalo sisi hatukukupa, maana mtoto amefika.