Kamiyo Mpya na Jiwe la Papa Ayubu

Pale mjini Baraka, njia ya soko inapokata kona kuteremka ziwani, kuna benchi ambalo zamani lilikuwa ubavu wa boti. Boti ilikufa, ubavu ukabaki, ukawekwa juu ya jante mbili za magurudumu ya gari, na makalio ya wanaume wa mtaa yameusugua mpaka unang'aa. Mama Kulthumu huuza kahawa hapo kila asubuhi, kahawa chungu ya tangawizi, na anayeinywa bila kubishana hudhaniwa ni mgonjwa au mpelelezi. Asubuhi hiyo ubishi ulikuwa mmoja tu: Darius anatoa pikapu yake na kuchukua kamiyo, yaani lori. Naye Darius, aliyeitwa Kamba kwa sababu riziki yake ni kuvuta, alikaa katikati yao na kikombe mkononi, akisikiliza hukumu yake kama mshitakiwa aliyewahi kortini kabla ya hakimu.

Kazi yake haikuwa na siri. Boti ikianza kuingiza maji, Darius huipakia kwenye remorki yake, tela ya magurudumu mawili, akaifunga nyuma ya pikapu na kuivuta kutoka ufukweni hadi kwa mafundi kule juu. Mpando, yaani mwinuko wa njia, si mrefu, lakini ni mkali, na pikapu ilikuwa imezeeka. Kwa hiyo kila boti ilipopanda, benchi zima liliinuka kwenda kusukuma, na kando ya gurudumu la nyuma alitembea Papa Ayubu na jiwe lake. Pikapu ikiishiwa pumzi, Darius alitoa kichwa dirishani akaita, "Jiwe," mzee akalisukumia nyuma ya gurudumu, watu wakapumua, wakaanza upya. Baadaye mwenye boti alitoa beseni la samaki, wakala wote hapo hapo kwa Mama Kulthumu. Ndivyo mzee alivyopata jina la Papa Jiwe.

Asubuhi hiyo jiwe lilikuwa chini ya birika la Mama Kulthumu, limegeuzwa kigoda. Mguu wa kulia wa Papa Ayubu ulikuwa umefungwa bendeji, na macho ya watu yalizunguka kila mahali ila hapo.

Aliyeanza ni Casimir. Walimwita Enjinia, ingawa kitu pekee alichowahi kujenga ni banda la kuku, nalo kuku walilihama.

— Mi naongea mambo ya sayansi, alisema. Kamiyo haivutake na motere. Inavuta na uzito. Sasa uzito ya kamiyo inaenda wapi? Inaenda chini. Ikisimama pale karibu na ziwa, udongo inashuka. Udongo ikishuka, maji inafanya nini?

— Inapanda, alijibu Néhémie.

— Njo ile, ni hivyo. Ule mwaka maji iliingia mpaka ku manyumba ya bantu, nani alihesabu makamiyo yenye ilikuwa hapa?

— Ilikuwa mvua, Papa Enjinia, alisema Mama Kulthumu.

— Mama, mvua ni jibu ya bantu benye habakusoma.

Néhémie alisogeza kikombe chake. Huyu aliitwa Nilionaka, kwa kuwa duniani hakuna jambo lililotokea bila yeye kuwa amesimama pembeni.

— Mi nilionaka kamiyo moja kule Bibokoboko. Ilipiga honi, ngombe zote zikawaza ni dume. Zikaifuata mpaka Fizi. Bachungaji banakimbia nyuma, banalia. Mpaka leo ndama za ule mulima zinazaliwa na rangi ya mazutu, ile mafuta ya kamiyo.

— Rangi ya mazutu ni rangi gani? aliuliza Mama Kulthumu.

— Nyeusi.

— Ngombe nyeusi ziko tangu Adamu.

— Si nyeusi ya vile.

— Na ile kamiyo ilipanda Bibokoboko na njia gani?

— Ilipanda usiku, alisema Néhémie, akanywa kahawa kwa haraka.

Casimir hakupenda kupitwa. Alinyoosha kidole kuelekea ziwani, kama mtu anayeonyesha kosa ubaoni.

— Bahenga balisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Maana yake: kitu ya kuelea usiivute na kitu ya kuzama. Boti iko na akili yake. Ikisikia nyuma yake bantu banasukuma, inajua iko ku nyumbani. Ikisikia chuma inaivuta peke yake, inawaza imeibiwa. Itakataa. Mbao zitaachana zenyewe, moya moya, mpaka Kamba anafika ku mafundi na kamba tupu.

— Na haraka haraka haina baraka, aliongeza Néhémie. Njo maana kamiyo ya mbio haikaake hapa kwetu. Inapita Nundu, ikisikia jina ya mji yetu, inageuka.

Walicheka, na Darius akacheka nao. Aliwapenda watu hawa. Mke wake alipofariki, ni hawa waliokuja kumtoa ndani, si kwa maneno ya faraja, bali kwa kumwambia kuna boti imekwama na wao wameshafika ufukweni wanamngoja. Alikwenda akiwa hajanawa uso. Waliposukuma, alilia ndani ya pikapu mpaka juu, na hakuna aliyemuuliza. Tangu siku hiyo, alipowaona kwenye kioo, migongo imeinama na midomo imefunguka, alijua ana ndugu.

— Lakini tuseme kweli, Kamba, alisema Casimir, na safari hii sauti yake haikuwa na mchezo. Umetuchoka. Kamiyo itapanda peke yake. Hautakuja tena hapa kusema, bandugu, musimame. Utapita tu, unapiga honi, unatuachia vumbi.

— Enjinia, si vile.

— Ni namna gani basi?

Darius alitazama ndani ya kikombe. Jibu alikuwa nalo, ila lilikuwa limekaa karibu mno na mguu wa Papa Ayubu, na mguu ule benchi zima lilikuwa limekubaliana, bila kikao, kutoutaja.

Kilichouumiza ni boti iliyotoka kijiji cha Kazimia. Boti za siku hizi zimekua: mbao nene, injini mbili, tumbo la kubeba mizigo ya soko zima. Siku hiyo mvua ilikuwa imepita, udongo ukiteleza. Katikati ya mpando pikapu ilikata pumzi, Darius akaita jiwe, Papa Ayubu akaliweka. Kisha uzito wa boti ukaivuta pikapu nyuma, gurudumu likaruka juu ya jiwe, na Darius akasikia sauti ambayo bado aliisikia akifumba macho. Walimpeleka mzee hospitali ya Nundu kwa pikapu hiyo hiyo. Vidole viwili vya mguu havikurudi naye. Njiani mzee alilala nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Néhémie, akasema pikapu hii bado ni nzuri kwa mizigo myepesi. Boti ilirudishwa chini, na mpaka leo ilikuwa inangoja ufukweni juu ya remorki.

Darius hakulala vizuri tena. Marafiki zake walikuwa wanazeeka. Casimir mwenyewe akisukuma alishika kiuno na kusema anapima upepo. Safari nyingine haingekuwa vidole. Basi akatafuta kamiyo, akaipata Uvira kwa mtu aliyekubali kuichukua pikapu na nyongeza ya akiba ya Darius. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuletewa. Asingeweza kuwaambia, "Nimeogopa kuwaua," kwa sababu hapo ingebidi wote watazame chini, kwenye bendeji.

Papa Ayubu ndiye aliyejibu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na aliposema, hata Casimir alifunga mdomo.

— Pikapu haina kosa, alisema taratibu. Muache kumusumbua huyu mutoto. Kosa ilikuwa ya jiwe. Ile siku niliiweka mubaya. Ilipashwa kukaa na upande ya bapa, mi nikaiweka na upande ya mviringo. Macho inaanza kuzeeka.

Alimgeukia Darius, akatabasamu kidogo.

— Usiuzishe gari yako kwa sababu yangu, mwanangu. Nitaweka muzuri.

Darius aliweka kikombe chini. Kumbe ndiyo aliyokuwa akiyabeba mzee muda wote huu, akiegemea fimbo asubuhi hadi asubuhi: kwamba kamiyo inakuja kwa sababu yeye alishindwa kazi yake. Akafungua mdomo amjibu. Ndipo kamiyo ilipokata kona, ndefu, chafu, imejaa matope ya njia ya Uvira, ikasimama mbele ya benchi. Freni zake za upepo zikatoa pumzi ndefu, na vikombe vikatetemeka.

Akashuka kijana mwenye kofia, dereva. Jina lake Willy.

— Jambo yenu, bapapa. Mama, jambo.

— Jambo sana, waliitikia.

— Ni nani Papa Darius? Kamiyo yako njo hii. Freni mupya yote. Hata ukiizimisha ku mulima, inakamata yenyewe, haishuke hata kidogo. Unaweza kulala ndani.

Willy alitafuta pa kuweka mguu afunge kamba ya kiatu, akaona jiwe chini ya birika. Akaliinamia. Lilikuwa limekwaruzika upande mmoja, na alama nyeusi ya mpira ilikuwa bado imeshika.

— Na hii jiwe, aliuliza, ni ya kazi gani?

Enjinia, aliyekuwa na jibu la ziwa na la mvua, alitazama viatu vyake. Nilionaka hakuwa ameona kitu. Mama Kulthumu aliinua birika amwongezee mtu, yeyote, likatoa matone mawili na mashapo. Kahawa ilikuwa imekwisha.

— Ni ya kuwekea birika, mutoto yangu, alisema Papa Ayubu. Ya birika tu.

Alisema kwa upole kabisa, bila uchungu, na hilo ndilo lililomchoma Darius kuliko yote. Aliinuka. Alilichukua jiwe kwa mikono miwili, akalipangusa majivu kwa shati lake.

— Twende, Papa Jiwe. Boti ya Kazimia iko inangoja chini.

— Kamiyo iko na freni, Kamba. Umesikia.

— Nimesikia. Twende.

Mzee hakuinuka. Basi Darius akachuchumaa mbele yake, mbele ya mguu ule ambao hakuna aliyeutazama, na akautazama.

— Papa, uliweka muzuri. Uliwekaka muzuri siku zote. Pikapu njo ilichoka. Sikamate kamiyo ili nikutoshe ku kazi, nikufukuze. Nakamata kwa sababu ya ule muguu yenye ilibakia.

Papa Ayubu alipepesa macho mara kadhaa. Halafu akacheka, kicheko kifupi cha puani, akanyoosha mkono avutwe.

Waliteremka wote na kamiyo, hata Mama Kulthumu na birika lake tupu. Pikapu ilibaki mbele ya benchi, funguo zikiwa kwa Willy, na Willy mwenyewe akawafuata ili aone. Walifunga remorki nyuma ya kamiyo. Darius alimkabidhi mzee jiwe, akapanda. Alipotazama kwenye kioo, aliwaona Casimir na Néhémie wamekwenda nyuma ya boti kama kawaida yao, wameweka viganja juu ya mbao na kuinamisha migongo. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Kamiyo ilivuta boti ya Kazimia kama mtu anayevuta kiti. Haikuguna. Darius aliweka gia ya kwanza na hakuipandisha, akaenda mwendo wa fimbo ya Papa Ayubu, aliyetembea pembeni, jiwe kwapani. Nyuma, Casimir alikuwa akisukuma boti isiyohitaji kusukumwa, jasho likimtoka kweli.

Walipofika katikati, mahali pale pale, Darius alisimamisha. Alivuta freni ya mkono, akakanyaga na ile ya mguu kwa nguvu zake zote. Kamiyo ilitoa pumzi, ikatulia kama nyumba.

— Iko na shida gani? aliuliza Willy kutoka kando ya mlango. Ingepanda mpaka juu.

— Haina shida, alisema Darius. Nyamaza kidogo.

Alitoa kichwa dirishani.

— Jiwe.

Kwenye kioo alimwona mzee anainama pole pole, mkono mmoja kwenye fimbo. Alilizungusha jiwe, akatafuta upande wa bapa, akaupata. Darius alingoja, mguu wake ukiwa juu ya freni ambayo ingeweza kukamata bila yeye, mpaka aliposikia jiwe limegusa mpira wa gurudumu.

— Imekaa? aliuliza.

— Imekaa, alisema Papa Ayubu. Mupumue.

Wakapumua.