Shangazi wa Chumba cha Kasoro Anakabidhi Ufunguo

Leo, tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha magitaa ya umeme kwa miaka thelathini na miwili, Shangazi anakabidhi ufunguo wa Chumba cha Kasoro na kwenda kupumzika. Anaondoka na afya yake, na sauti yake ileile ya kumwamsha aliyelala, na jina safi. Hilo la mwisho naliandika kwa furaha ya pekee, maana miezi michache iliyopita hatukuwa na uhakika nalo. Kwa hiyo, ndugu wafanyakazi, kabla hatujaanza kupiga makofi, tushushe pumzi kwanza. Tumeponea chupuchupu.

Kamati ya ustawi imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu na kuwasomea hapa, ingawa kazi yangu ni kufunga magitaa kwenye maboksi, si kuandika. Wamesema ni kwa sababu meza yangu inatazamana na mlango wake. Sawa. Nimemwona akiingia na kutoka kuliko hata wanavyomwona nyumbani kwake, na nimesikia nyimbo zake zote, ambazo anaziimba kwa moyo na kwa kukosea.

Aliajiriwa akiwa msichana, akapelekwa kitengo cha msasa, kule mbao zinakolainishwa kabla ya kupakwa rangi. Alikuwa akirudi nyumbani kichwa kizima kimekuwa cheupe kwa vumbi, hadi mama yake akamwuliza kama kweli anatengeneza magitaa au anasaga unga. Baadaye akahamia kitengo cha rangi. Huko hakukaa sana, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kumwambia msimamizi ukweli mbele za watu. Meneja wa wakati huo akamkabidhi ufunguo wa stoo ya magitaa yaliyoharibika, na mimi naamini nia yake ilikuwa kumweka mbali na mikutano, jambo lililomshinda.

Stoo hiyo ndiyo leo inaitwa Chumba cha Kasoro. Mlipoajiriwa wengi wenu mliikuta imeshapakwa rangi, ina dirisha kubwa na benchi la wateja. Alipoipokea ilikuwa giza tupu, magitaa yamerundikwa kama kuni, na anayetaka la bei ya chini aliingia, akajichotea, akaenda. Kesho yake alirudi anafoka kwamba ameuziwa kitu kibovu. Shangazi alianza kwa kuyatenga mafungu mawili. Kuna kasoro ya ngozi, alisema, na kuna kasoro ya mfupa. Ya ngozi ni rangi iliyochirizika, kipovu kwenye vanishi, mkwaruzo, doa; gitaa la namna hiyo linalia vizuri kama ndugu zake wa daraja la kwanza, ila halikujaliwa sura. Ya mfupa ni shingo iliyopinda au mbao iliyopasuka. Hilo haliuzwi, hata uje na machozi. Linarudi kwa mafundi, na likishindikana linakatwa.

Halafu akaweka ule utaratibu ambao sasa unajulikana mpaka kwa wanamuziki wa mbali. Mnunuzi analichukua gitaa mwenyewe, analipeleka dirishani kwenye mwanga, analigeuza mbele na nyuma mpaka aione kasoro yake. Akiiona, anaiwekea kidole na kusema kwa sauti: "Nimeiona, nimeikubali." Hapo ndipo anaruhusiwa kulipa. Asipoiona, haonyeshwi na hauziwi. Tulicheka sana mwanzoni. Lakini tangu siku hiyo hakuna mteja aliyerudi kufoka, na sisi wenyewe tumeuzoea msemo huo kiasi kwamba kantini ikiunguza chakula, utasikia mtu anagusa sahani na kusema hivyohivyo.

Kuna bwana mmoja mwenye suti alikuja na haraka zake, dereva anamsubiri nje. Alichagua gitaa jekundu, akatoa pochi. Akaambiwa atafute kwanza. Alitafuta, akavua koti, akatafuta, akavaa miwani, akaomba asamehewe, akasema yeye anaikubali hata bila kuiona. Shangazi akamjibu kwamba maneno kama hayo ndiyo yanayovunja ndoa za watu. Tulikwenda kula tukarudi, tukamkuta bado yuko dirishani. Mara tukasikia ukelele. Ameipata! Kidoa cha rangi nyuma ya kichwa cha gitaa, chini ya zile funguo za kukazia nyuzi. Alifurahi kama mtu aliyeokota pete yake, na tangu hapo kila akipita mjini lazima aje kumsalimia.

Jina la Shangazi alilipata kwa binti wa kaka yake, ambaye alikuwa akimpitia hapa baada ya shule. Mtoto akiita "Shangazi!" getini, kiwanda kizima kinasikia, basi tukaiga, meneja naye akaiga. Binti huyo sasa ni mtu mzima na ana bendi yake. Alipotaka gitaa la kwanza alikuja Chumba cha Kasoro akidhani atapata upendeleo. Alipangwa kwenye foleni, nyuma ya watu wote. Foleni ile haikuwa na mjomba wala shangazi, japo shangazi mwenyewe ndiye aliyekuwa amekaa mbele.

Naomba muikumbuke bendi hiyo, kwa sababu ndiyo iliyokuja kumponza Shangazi.

Mwanzoni mwa mwaka huu, magitaa meusi, yale ya bei ya juu ambayo ndiyo fahari yetu, yalianza kumiminika Chumba cha Kasoro. Yote yalikuwa na mkwaruzo mmoja, mahali palepale: mgongoni, karibu na ukingo wa chini. Yakawa mengi hadi mengine nikalazimika kuyalaza kwenye meza yangu ya maboksi. Wanunuzi wakapata habari, wakajaa getini asubuhi na mapema. Hasara ikawa kubwa. Na palipo na hasara, mnatujua tulivyo, minong'ono haikukosekana. Ikasemwa kwamba kuna mtu anayakwaruza kwa makusudi ili ndugu zake wayapate kwa bei ya kutupa. Nani mwenye ufunguo? Nani ana binti wa kaka mwenye bendi? Na kweli, bendi ile ilikuwa imenunua magitaa meusi mawili, kwa foleni na kwa kidole kama kila mtu.

Meneja wetu alimwita Shangazi ofisini. Hakumtukana, ni mtu mwenye adabu. Alimwambia tu kwamba kama chanzo hakitajulikana kabla ya siku yake ya kustaafu, Chumba cha Kasoro kitafungwa, magitaa yote yenye dosari yatakuwa yanakatwa kwa msumeno, na yeye ataondoka kimyakimya, bila sherehe.

Shangazi aliacha kuimba. Wengine mlidhani ana mafua. Mimi niliyekaa mkabala naye niliona anavyofungua mlango asubuhi, anakaa, anatazama magitaa yake kama mtu anayeuguza. Siku moja aliniletea chai, jambo ambalo si kawaida yake, akaniambia kwamba kazi haimwumizi, kazi inaisha tu, kila mtu inamwishia. Kinachomwumiza ni kutoka kwenye lile geti siku ya mwisho huku watu wanautazama mkoba wake. Niliumia, jamani. Nikanywa chai.

Mkutano ukaitishwa ukumbini. Meneja aliyalaza magitaa meusi kifudifudi juu ya meza ndefu, migongo juu, tukaliona kila moja na mkwaruzo wake. Kisha, na hapa nampa heshima yake, akasema hataki kumnyooshea mtu kidole kwa maneno ya kantini. Akaagiza gitaa moja jipya kabisa litoke kitengo cha rangi, lipitishwe mbele ya wote, kila mtu alifanyie kile anacholifanyia siku zote. Wa rangi wakalikagua: safi. Wa nyuzi wakalifunga nyuzi juu ya kitambaa chao laini: safi. Shangazi alikaa kiti cha mwisho, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili.

Ikafika zamu ya Fundi Sauti, yule mjaribu wetu ambaye hakuna gitaa linaloingia kwenye boksi langu kabla hajalipiga. Wote mnamjua anavyopiga. Alichomeka waya kwenye spika, akalivuta gitaa, akalikumbatia, akafumba macho. Alianza na nota mbili tatu za majaribio, halafu muziki ukampanda. Watu waliokuja wamenuna wakaanza kutikisa vichwa. Meneja mwenyewe mguu ulikuwa unagonga sakafu. Alipomaliza tulikuwa karibu kusahau kilichotuleta.

Wakaligeuza gitaa. Mkwaruzo ule pale, mbichi kabisa.

Shangazi akainuka, akaweka mkoba kwenye kiti, akalichukua gitaa na kulipeleka dirishani kama afanyavyo siku zote. Akaweka kidole kwenye mkwaruzo. Kisha akatembea taratibu hadi kwa Fundi Sauti, akaweka kidole kilekile kwenye mkanda wake wa suruali, kwenye bizimu jipya kubwa kama kisosi, lenye kichwa cha simba cha chuma, meno nje. Akasema: "Nimeiona." Ile nusu ya pili hakuisema.

Loo! Kicheko kilichotoka pale nadhani kilisikika barabarani. Mkanda ule Fundi Sauti alizawadiwa na mkewe mwanzoni mwa mwaka, na kwa jinsi alivyoupenda, alikuwa anaisukuma aproni yake pembeni ili simba asifunikwe. Kila gitaa jeusi alilolikumbatia, simba alilikumbatia pia. Nayo rangi nyeusi inaonyesha kila kitu. Kwenye yale ya rangi ya mbao mkwaruzo huohuo hakuna aliyeuona. Maskini Fundi Sauti alishika kichwa, akashika mkanda, akakosa pa kuficha uso. Meneja alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaacha kucheka, akamgeukia Shangazi mbele yetu sote na kumwomba radhi kwa jina lake kamili, jina ambalo wengi tulikuwa hatulijui. Shangazi alikaa akaanza kulia. Nasi wengine tulilia, na tulikuwa tunafurahi, msituulize.

Kesho yake asubuhi, kabla sijafungua boksi la kwanza, nilisikia wimbo kutoka Chumba cha Kasoro. Ulikuwa umekosewa vibaya. Sijawahi kufurahia wimbo kiasi kile.

Basi chumba hakifungwi. Mwenzetu wa stoo ya mbao atapokea ufunguo, na amekwisha kufundishwa: mwanga, kidole, maneno. Msumeno utabaki na kazi yake ya kasoro za mfupa. Mikutano nayo itakuwa mifupi zaidi, ingawa haitakuwa na ukweli mwingi. Kwa niaba ya wafanyakazi wote, Shangazi, ahsante. Kuna watu wengi huko nje wanaopiga gitaa zuri leo kwa sababu wewe ulikataa litupwe kwa ajili ya doa.

Limebaki jambo moja. Fundi Sauti sasa anavaa suruali ya mpira kiunoni, na tangu siku ile anakupelekea chai kila asubuhi akingoja nusu ya pili ya maneno yako. Unaipokea chai, unakunywa, unanyamaza. Huko ni kumtesa mtu. Kwa hiyo tumekubaliana zawadi yako leo ni gitaa lilelile la ukumbini, simba wake mgongoni. Najua hujui kupiga. Binti wa kaka yako ameahidi kukufundisha, na majirani zako tumewaombea dua. Lakini utaratibu ni wako mwenyewe: hakuna gitaa linalotoka chumba kile mpaka anayelichukua aseme maneno yote mawili, kwa sauti, watu wakisikia.

Ili usione haya, tunaanza sisi. Tumekutazama kwa mwanga miaka yote hii, mbele na nyuma. Unabishana. Unaficha sukari. Unaimba ovyo. Unawaambia watu ukweli kabla hawajanywa chai. Zote ni za ngozi, mfupa wako hauna hata ufa. Tumeziona, Shangazi, na tumezikubali. Ukaishi vizuri, ulale mpaka jua liwe juu, na ukipita getini pita taratibu, maana mkoba wako hautazamwi na mtu. Utakaotazamwa ni uso wako.

Haya, gitaa hilo hapo, na Fundi Sauti huyo hapo anasubiri. Weka kidole, useme.